Nyanya zinaoza kitako? Soma hapa kabla hujang'oa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala alinitumia picha ya nyanya zake. Juu zinang'aa, chini zina baka jeusi lililobonyea. "Dada, nimepulizia dawa za kila aina, bado zinaoza. Ning'oe?"

Mdogo wangu, usizing'oe. Huko ni kuoza kitako, na dawa za dukani hazisaidii kwa sababu huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila maji ya kuifikisha yanakuja kwa kusuasua: leo kiroba ulichopandia kimelowa chapachapa, kesho na keshokutwa bomba limekata, halafu unamwaga ndoo nzima kwa huruma. Chuma zilizoharibika, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, mwagilia kwa kiasi kila siku, asubuhi. Zitakazofuata zitatoka nzima.

Najua kila anayesoma hapa anataka kuchuma kitu chake uani na kukipeleka jikoni kikiwa bado na umande. Mimi hamu hiyo nilianza nayo Tabata, kwenye nyumba ya kupanga. Uani kulikuwa na kifusi na vipande vya chupa. Nikaokota kimoja kimoja, nikabeba samadi ya kuku, nikainua matuta. Masika yalipoanza nikachomeka marando ya matembele niliyopewa na jirani, na kufikia Mei tulikuwa tunakula, tunagawa, na mafungu mengine nayauza mtaani. Kwa matembele, masika ni neema tupu. Mchicha unataka tuta lililoinuka, la sivyo mvua za Aprili zinaulaza na mizizi inakaa majini hadi majani yanageuka njano.

Nyanya ndizo zilizoniliza. Unyevu wa masika unaleta bakajani, ugonjwa wa ukungu, na ndani ya siku chache mche mzima unakuwa kama umemwagiwa maji ya moto. Nikabadili kalenda. Mbegu nikaatika Mei kwenye kitalu chenye kivuli, miche nikaihamisha Juni mvua zilipokwisha na kipupwe kimeingia. Zikashika! Shina nene, majani ya kijani kibichi, kila mche umefungwa kwenye kijiti chake.

Zilipoanza kutoa maua, mwenye nyumba akaleta mafundi. Wakang'oa kila kitu, wakamwaga mchanga na kupanga pevingi uani kote. Sikupewa hata siku ya kuhamisha miche. Akaniambia bustani inaleta mbu, na nyanya mbona ziko gengeni. Neno hilo halijanitoka moyoni mpaka leo. Nikipita mtaa ule nageuza uso.

Sasa niko Kimara, na mwaka huu mwishoni mwa Agosti nimechuma nyanya hadi beseni likajaa, zote kutoka kwenye viroba vya unga na ndoo zilizopasuka. Na kantangaze alikuja, msidhani nilisalimika. Mdudu huyu, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, anachimba njia ndani ya jani, kwa hiyo dawa unayopulizia juu inampita. Kila jani lenye mistari myeupe nililikata na kulifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaiacha juani. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wikendi pia. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Sasa wanaomba mbegu.

Wapendwa, tufuate msimu. Wengi wetu tunapanda siku mshahara umeingia, au siku tumeona picha nzuri ya bustani ya mtu, kisha tunalaumu mbegu. Mvua haiangalii hamu yako. Nyanya ni za kipupwe. Matembele ni ya mvua. Januari na Februari, jua la kaskazi likiwaka, utitiri unafunika nyanya kwa utando chini ya majani, basi iachie bamia nafasi, bamia inalipenda joto. Ukilazimisha kinyume chake utanunua dawa mpaka uchoke, na mboga utakayokula itakuwa imejaa sumu. Unawalisha watoto wako nini? Jiulize hilo kabla hujashika bomba la kupulizia. Fuata msimu.

Vuli inakaribia. Angalieni matundu ya chini ya viroba, yazibueni, maji yasituame. Tafuteni marando mapema kabla watu wote hawajayakimbilia. Na mnaokaa nyumba za kupanga, pandeni kwenye viroba na ndoo, hata kama uwanja ni mkubwa na mwenye nyumba anacheka nanyi vizuri. Siku akitaka uwanja wake, bustani inapakiwa kwenye kirikuu pamoja na kitanda na sufuria.