Pointi 34 Si Ziro: Niliyojifunza Mpwa Wangu Aliposoma Shule ya Kimataifa

Simu iliingia asubuhi na mapema, mwezi wa Julai, tukiwa shambani Newala tunapulizia mikorosho salfa kabla upepo haujaanza. Nilizima bomba ili nimsikie mpwa wangu vizuri.

"Shikamoo Mjomba. Jana jioni nilikupigia hukupatikana. Matokeo yametoka. Nimepata pointi 34."

Sikujibu haraka. Kwa hesabu ninayoijua tangu nimalize kidato cha nne, daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, daraja la nne linaishia 33, na mwenye 34 au 35 ana ziro. Nikamwambia, "Pole mwanangu. Rudi nyumbani, tutajua la kufanya." Akaniuliza kwa sauti iliyoanza kukatika, "Pole ya nini, Mjomba?"

Mtoto alikuwa amefaulu vizuri. Mtihani aliofanya ni wa diploma ya IB (International Baccalaureate), masomo ya kimataifa ya miaka miwili baada ya kidato cha nne, na huko pointi huhesabiwa kwa kupanda. Kila somo lina alama kuanzia 1 hadi 7, na 7 ndiyo ya juu kabisa. Masomo ni sita, kwa hiyo jumla ni 42, kisha kuna pointi 3 za insha ndefu na somo la Nadharia ya Maarifa. Mwisho wa yote ni 45. Diploma yenyewe inahitaji angalau 24, pamoja na masharti mengine. Mtoto mwenye 34 anastahili kupigiwa vigelegele, na mimi nilimpa pole. Mpaka leo neno lile linaniuma, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia wazazi na wajomba wenzangu wa Mtwara na Lindi mlio na mtoto katika shule za kimataifa, au mnaofikiria kumpeleka.

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa kwako. Dada yangu alipoletewa habari kwamba binti yake, aliyemaliza kidato cha nne Masasi kwa daraja la kwanza, amepata ufadhili wa sehemu kubwa ya ada katika shule moja ya kimataifa jijini Dar es Salaam, aliyeitwa kukaa na kuamua ni mimi. Nilisaini fomu, nikauza korosho, nikatuma fedha. Sikuuliza wanafundishwa nini wala wanapimwaje. Nilidhani shule ni shule.

Ripoti ya kwanza ilikuja Desemba: Biolojia 5, Hisabati 3. Mtu aliyezoea mtihani wa Baraza la Mitihani anajua kwamba A ni pointi 1, C ni 3 na F ni 5. Nikaona Biolojia kaanguka, Hisabati kajikongoja. Nikampigia dada: mwambie mtoto aache mchezo na biolojia. Dada akafikisha ujumbe, na mtoto, kwa heshima aliyolelewa nayo, hakunibishia. Alisema "sawa". Kumbe Biolojia ndilo somo alilokuwa akilimudu, na Hisabati ndiyo iliyokuwa ikimzamisha. Muhula mzima hakuna mtu mzima wa nyumbani aliyemuuliza habari za hisabati. Ripoti zilizofuata nilizikunja nikaziweka kabatini. Somo hilo alilimaliza kwa 4, na naamini angepata msaada mapema angefika 5.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: siku unayopokea ripoti, kabla hujasema neno, tafuta ukurasa unaoeleza kipimo. Kama haupo, mwandikie mkuu wa taaluma akueleze alama ya juu ni ipi na ya chini ni ipi. Usitafute "nafasi ya 4 kati ya 52", kwa sababu katika ripoti nyingi za shule hizi haipo. Mtoto anapimwa kwa vigezo vya somo, halinganishwi na jirani yake. Wala usidhani asilimia ni zilezile za kwetu. Kwa mtihani wa kidato cha nne A inaanzia 75 kila mwaka. Huko mipaka ya alama hupangwa upya kila msimu kulingana na ugumu wa karatasi, kwa hiyo mwenye asilimia 68 anaweza kuwa na 6 katika somo moja na 5 katika jingine.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu kulielewa, na nililielewa kwa njia ya kazi yangu. Mimi ni karani wa ghala la korosho. Korosho zikifika tunachukua sampuli, tunapasua, tunaangalia kokwa: ngapi nzima, ngapi zimeoza, ngapi zimesinyaa. Ukichukua sampuli kutoka gunia moja tu la mwisho unaweza kumdhulumu mkulima, au ukamdhulumu mnunuzi. Mtihani mmoja wa siku chache mwishoni ni sampuli ya gunia moja. IB huchukua sampuli njiani. Mwanafunzi wa sayansi hubuni jaribio lake mwenyewe, analifanya, analiandikia ripoti, na hiyo ni asilimia 20 ya alama ya somo. Hisabati nayo ina andiko la uchunguzi lenye asilimia 20. Walimu wake husahihisha, kisha baadhi ya kazi hutumwa nje kuhakikiwa ili mwalimu mkarimu na mwalimu mkali wasitofautishe watoto.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba mtoto hawezi kusubiri kukesha mwezi wa mwisho, kama tulivyofanya sisi na vibatari vyetu. Kazi iliyochelewa mwaka wa kwanza inakata alama za mwaka wa pili. Mpwa wangu alipokuja likizo nilimwona kainamia laptopu usiku, nikamwambia apumzike, shule imefungwa. Haikuwa imefungwa.

Halafu kuna ile insha ndefu. Ni ya maneno 4,000, juu ya swali analolichagua mwanafunzi mwenyewe. Yeye alichagua uchumi, akaamua kuandika juu ya stakabadhi ghalani. Alikuja kwangu msimu wa korosho na daftari, akakaa juu ya gunia tupu karibu na mizani, akaniuliza: "Mjomba, mkulima anapoacha mzigo wake hapa na kuchukua karatasi, anajuaje atalipwa lini?" Nikajibu. Akauliza, "Na wewe unajuaje?" Nikakunja uso. Kwetu mtoto hamuulizi mjomba wake anajuaje. Jioni dada akaniambia kwamba mtoto amelia, kwa sababu ndivyo wanavyofundishwa: kila dai lina swali la "umejuaje", na somo zima la Nadharia ya Maarifa limejengwa juu ya swali hilo. Kesho yake nilimwita, nikamtolea daftari la kumbukumbu za mapokezi, tukapitia pamoja ukurasa kwa ukurasa. Tulikuta mambo ambayo hata mimi nilikuwa nayasema kwa mazoea tu, sina ushahidi nayo. Wazazi wenzangu, mtoto akirudi na maswali ya namna hiyo, msimchukulie kuwa amekosa adabu. Mjibuni, au mwelekezeni kwa anayejua.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kunakili. Insha yake ya kwanza kabisa shuleni ilirudishwa ikiwa imepakwa rangi ya njano karibu nusu, kwamba sentensi si zake na hakusema kazitoa wapi. Hakuwa mwizi. Alikuwa amefanya lile lililompa daraja la kwanza Masasi: kushika maneno ya kitabu na kuyarudisha kama yalivyo. Katika shule hizi hilo ni kosa kubwa, na katika kazi za mwisho linaweza kumnyima mtoto alama ya somo zima. Mwanao akitoka shule zetu za kawaida, mwombeni mwalimu mapema amfundishe namna ya kutaja chanzo. Wiki mbili zinatosha kujifunza, lakini lazima mtu amwambie.

Shughuli za nje ya darasa nilizidhani ni burudani. IB wanaziita CAS: ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Hazina alama hata moja, lakini asiyezikamilisha hapati diploma hata akiwa na pointi 40. Mpwa wangu aliwafundisha wenzake sindimba, likizo akawafundisha watoto wa jirani kusoma, na asubuhi alikuwa akikimbia. Yote aliyafanya, ila hakuandika tafakuri zake wala kuweka ushahidi, na zilipobaki wiki chache akaambiwa faili lake ni tupu. Alikesha akiandika mambo ya mwaka mzima kwa kukumbuka. Kila Jumapili nusu saa ya kuandika ingemwondolea shida ile.

Sasa nifike panapouma kuliko pote. Binti alitaka udaktari. Alichukua Biolojia na Kemia kwa ngazi ya juu, na Uchumi, Kiingereza, Hisabati na Kiswahili. Mwaka wa pili ndipo tukagundua kwamba vyuo vyetu vya udaktari hapa nchini vinadai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Mpangilio wa kawaida wa IB unampa mwanafunzi nafasi ya sayansi mbili, na hata hiyo ya pili huchukua nafasi ya somo la sanaa. Sayansi tatu zinahitaji maombi maalumu, na ni za kupangwa kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Shule haikutuambia, na sisi hatukuuliza. Wengi wa wanafunzi wenzake walikuwa wanaelekea Ulaya na Marekani, kwa hiyo ushauri wa masomo ulielekea hukohuko. Leo anasoma sayansi ya chakula Morogoro na anaipenda, lakini mlango ule ulifungwa na fomu niliyosaini mimi bila kuisoma.

Kabla ya kusaini uchaguzi wa masomo, chukua mwongozo wa udahili wa vyuo vya Tanzania, tafuta kozi anayoitaka mtoto, andika masomo yanayodaiwa, kisha nenda nayo shuleni. Na cheti kikitoka, kipeleke Baraza la Mitihani kilinganishwe mara moja, kwa kuwa chuo na bodi ya mikopo hawasomi 34 ile kama ilivyo. Msisubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo mkimbizane na ulinganisho.

Kiswahili pia msikidharau. Kuna watoto wanaona haya kukichagua kwa sababu wanadhani ni somo la kupoteza nafasi. IB ina Fasihi ya Kiswahili kama somo la lugha ya kwanza, na mwanafunzi aliyelifaulu huku sayansi au masomo ya jamii akiyafanya kwa Kiingereza anaweza kutunukiwa diploma ya lugha mbili. Mpwa wangu alipata 7 kwenye Kiswahili. Hiyo 7 ndiyo iliyobeba ile 4 ya Hisabati.

Gharama nitazisema kwa kifupi. Ufadhili wa ada si ufadhili wa kila kitu. Ulizeni kwa maandishi kama ada ya mtihani imo, laptopu imo, na kile kikokotoo cha kuchora grafu ambacho Hisabati ya IB inakidai. Sisi tulikuja kuambiwa ada ya mtihani iko kando wakati korosho zilikuwa bado maua.

Rafiki yangu wa Lindi mwanawe yupo kwenye IGCSE ya Cambridge, ambayo ni sawa na ngazi ya kidato cha nne. Huko alama ni herufi, A yenye nyota juu, kushuka hadi G. Nilimshauri aulize jambo moja tu: mtoto ameandikishwa ngazi gani kwenye Hisabati? Aliyewekwa ngazi ya msingi, hata apate kila swali, hawezi kuvuka C. Alipouliza akakuta mwanawe yumo humo, na walimu wenyewe wakakubali kwamba anaweza ngazi ya juu yake. Wamemhamisha.

Mdogo wake binti yetu yuko kidato cha pili hapa Newala, naye ameanza kuulizia njia ya dada yake. Wiki iliyopita tulikaa watatu, yeye, mama yake na mimi, tukachora karatasi yenye safu mbili: masomo anayoyapenda, na kozi zinazoyadai. Fizikia ameiandika mwenyewe, juu kabisa.