Betri ya setilaiti na betri ya taa za dagaa

Mkuu, umeuliza inakuwaje betri ya setilaiti ikae zaidi ya miaka kumi wakati ya taa zako za dagaa haimalizi miwili. Mimi nafunga taa za sola kwa wavuvi hapa Igombe, na swali hilo limenisumbua muda mrefu.

Wengi wanadhani ya angani haichoki. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwa dakika kama 90, na karibu kila mzunguko kinaingia gizani nusu saa hivi, kikitegemea betri. Yaani usiku 15 au 16 ndani ya siku moja! Yako inafanya kazi usiku mmoja, na kukiwa na mbalamwezi hamvui, inapumzika kabisa.

Siri ni kiasi wanachochota. Betri za mwanzo za kituo hicho, za nikeli-haidrojeni, zilipangiwa kutoa kama asilimia 35 tu ya chaji, jua likitokea zinajazwa tena. Darubini ya angani ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 na betri za aina hiyo, zikabadilishwa 2009, darubini ikiwa imeshazunguka dunia zaidi ya mara 100,000. Huku kwetu taa zinawashwa jioni na hazizimwi mpaka zififie zenyewe. Betri ya maji ikinyonywa hivyo kila siku, sahani zake za ndani zinashika ukoko wa salfeti, na haishiki tena chaji vizuri.

Na mbalamwezi ndiyo inayoua zaidi. Mjomba wangu alirudi na betri tupu, tukaiweka stoo wiki mbili bila kuichaji. Giza liliporudi ikagoma kabisa. Iliniuma, maana niliifunga mimi na sikumwambia aijaze kwanza.

Litiamu ni nzuri: kuanzia 2017 hadi 2021 wanaanga walitoa betri 48 za nikeli kwenye kile kituo wakaweka 24 tu za litiamu. Ila nayo inataka saketi ya kuilinda, na usiifungie kwenye boksi linalopigwa jua mtumbwini mchana kutwa.

Piga hesabu hivi: taa tatu za wati 10, kwa muda wa saa 10 ziwani, ni wati-saa 300. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 (amperi-saa, yaani ujazo wake) ina wati-saa 600, maana 12 mara 50, unatumia nusu. Ya Ah 26 itawasha mpaka alfajiri, lakini unaikausha kila siku. Nitajie taa zako ni ngapi na za wati ngapi, nikupigie yako.