Usimsubirishe mzee kwa kopo la vitamini

Mkuu, liache hilo kopo dukani. Umeuliza baba yako mwenye sukari, ambaye anaona ukungu, anywe zinki au luteini (kirutubisho cha macho kinachotoka kwenye mboga za majani), dozi gani, na ale nini, halafu mwishoni ukachomekea kwamba kliniki ya macho ataenda akishamaliza dozi. Hapo ndipo moyo ulinipiga paa.

Mama yetu tulimsubirisha hivyo hivyo. Alikuwa anaona ukungu na vidoti vyeusi vinavyoelea. Muuza virutubisho mmoja, kavaa koti jeupe kama tabibu, akatuambia vidonge vyake "vinasafisha macho" na kwamba hospitali watamharibu kwa sindano. Tukanunua kopo baada ya kopo, mama akisema anapata nafuu, kumbe sukari imeharibu mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, nayo inavuja. Siku damu ilipomwagika ndani ya jicho la kushoto, akaona pazia jeusi. Jicho hilo halikurudi. La kulia liliokolewa kwa leza. Yule muuzaji sijamsamehe: alijua mama ana sukari, na neno "kapime" halikumtoka hata mara moja.

Vidonge hivyo vinauzwa kwa jina la utafiti wa AREDS wa Marekani, matokeo ya 2001. Ulihusu ugonjwa wa retina unaoletwa na uzee, si wa kisukari! Vitamini A wanayopewa watoto kliniki nayo ni ya kuzuia upofu wa upungufu, jambo jingine kabisa. Na kuzidisha kuna madhara: beta karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, iliongeza saratani ya mapafu kwa wavuta sigara, na niasini (vitamini B3) ya dozi kubwa inaweza kujaza maji kwenye retina yenyewe. Kama mzee yuko kwenye metformin, dawa ya sukari, muda mrefu, apimwe vitamini B12, maana hiyo hupungua kweli, ila haitibu mishipa inayovuja.

Kinachoilinda retina ni sukari na presha kushuka. UKPDS, utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, ilionyesha hivyo 1998. Na mwenye kisukari cha aina ya pili anapimwa retina pale tu anapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama anasoma gazeti bila miwani. Baba yako tayari anaona ukungu, kwa hiyo mpeleke wiki hii. Watamwekea matone ya kupanua mboni na ataona kiwi kwa saa kadhaa, asiendeshe gari. Mwambie daktari aandike hali ya kila jicho, nawe uulize tarehe ya kurudi kabla hamjatoka.