Saa ya sanamu imegongwa 1855: je, huo ndio umri wake?

SWALI: Nimeonyeshwa saa ya mezani ya Kifaransa yenye sanamu ya mwanamke aliyeketi na kinubi. Muuzaji anasema ni bronzi na ni ya mwaka 1855, maana mwaka huo umegongwa nyuma ya mashine. Inatembea vizuri. Nikague nini kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Tuanze na huo mwaka, kwani umewaponza wengi. Soma maneno yanayouzunguka. Ukikuta Japy Frères, basi 1855 ni mwaka ambao kiwanda hicho kilitunukiwa nishani kwenye Maonyesho ya Paris, na mhuri huo kiliendelea kuugonga muda mrefu baadaye. Mashine haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, lakini yaweza kuwa changa kwa miongo kadhaa. Tena mashine hizo ziliuzwa kwa mafundi wengi wa sanamu, kwa hiyo mhuri haukuambii lolote kuhusu huyo mwanamke.

Naye ndiye anayebeba bei. Usimkwaruze mbele! Tazama chini ya kitako au ndani ya sanamu, mahali ambapo rangi imebanduka yenyewe. Metali ikiwa ya njano, ni bronzi au ndugu yake wa karibu. Ikiwa ya kijivu kama fedha iliyofifia, ni zinki, ile wanayoiita spelta, hata kama juu imepakwa dhahabu ya kupendeza. Sumaku haitakuamulia, kwa sababu hainasi kwenye bronzi wala kwenye zinki; ikinasa, jua ni chuma. Sahihi ya msanii pia isikubabaishe, maana sanamu za zinki nazo zilitiwa sahihi.

Zinki si aibu, mimi mwenyewe ninazo mbili. Ila haiwezi kuuzwa kwa bei ya bronzi, na huvunjika kirahisi. Pitisha kidole kwenye shingo, vifundo vya mikono na ncha za kinubi ukitafuta mstari wa gundi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 tu, ndiyo maana fundi wengi huogopa kuichomelea na hukimbilia gundi na rangi.

Kisha hakikisha mashine na sanamu hazikuozeshwa ukubwani, yaani kuunganishwa baadaye kutoka saa tofauti. Matundu ya skrubu yasiyo na kazi, pete ya uso wa saa inayocheza, au pendulamu inayogusa ukuta wa nyuma, vyote ni dalili mbaya. Nyuma ya mashine mara nyingi utaona namba ndefu, na pengine tarakimu mbili zilizoachana, mfano 4 6. Hizo ni urefu wa pendulamu kwa vipimo vya kale vya Kifaransa: pouce 4 na ligne 6, yaani takriban sentimita 12. Pindua pendulamu uone kama ile namba ndefu imegongwa na huko. Zikilingana, furahi kimyakimya na usimwonyeshe muuzaji.

“Inatembea” ni neno jepesi, kwani hata saa iliyochoka hutembea dakika kumi. Iweke mahali palipo sawa usikilize: tik na tak ziachane kwa nafasi ileile. Ikichechemea, huenda ni marekebisho madogo tu. Zungusha mshale wa dakika mbele taratibu, ukisubiri igonge kila nusu saa na kila saa kamili, usiurudishe nyuma. Ikigonga saba wakati mishale inaonyesha tatu, usiogope, mashine nyingi za zamani huhesabu zenyewe bila kufuata mishale na hupatanishwa kwa urahisi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni matundu ya ekseli yaliyotanuka na kuwa ya mviringo wa yai. Hiyo ni kazi ya fundi, na gharama yake iondoe kwenye bei.

Ukiinunua, chomoa pendulamu kabla ya kuibeba, na uishike kwenye kitako, kamwe si kwenye mwili wa yule mwanamke.