Kiuno kinakaza na ofisini ni kukaa tu: uanze na yoga ipi?

Mkuu, umesema una miaka 41, unakaa kitini masaa tisa kwa siku, jioni kiuno kinakaza, na ratiba uliyopewa ina hatha, vinyasa, ashtanga na yin. Ushauri wangu: tafuta kwanza darasa la mtindo wa Iyengar, yoga ya mikao ya makini inayosaidiwa na vifaa, hata kama halimo kwenye ratiba hiyo. Ukilikosa, chukua hatha. Vinyasa ije baadaye.

Majina haya yanachanganya watu wengi. Hatha ni jina la jumla la yoga ya mwili, kwa hiyo hata ashtanga ni hatha. Ila ukilikuta kwenye ratiba, mara nyingi maana yake ni darasa la pole: unaingia kwenye mkao, unakaa pumzi tano mpaka kumi, unatoka. Kabla ya kulipa, uliza mkao mmoja unakaliwa muda gani, na kama mwalimu anazunguka kusahihisha watu au yuko mbele anafanya mazoezi yake. Hilo la pili ndilo kubwa. Ukiwa mgeni huwezi kuuona mgongo wako mwenyewe, lazima awepo wa kukuangalia.

Ashtanga na Iyengar zinaonekana kama mbingu na ardhi, lakini chimbuko lake ni mwalimu mmoja, T. Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha kwenye kasri la mfalme wa Mysore, India, miaka ya 1930. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois akaiendeleza ashtanga hapo hapo Mysore. B.K.S. Iyengar yeye akaenda Pune mwaka 1937, na huko akajenga mtindo wa kukaa kwenye mkao muda mrefu, kwa mpangilio makini wa viungo, ukisaidiwa na matofali, mikanda, blanketi, viti na kamba za ukutani.

Vifaa hivyo ndivyo vinavyokufaa wewe. Chukua mkao wa kukaa chini, miguu imenyooka mbele, unainama kushika vidole. Mtu wa ofisini misuli ya nyuma ya mapaja imefupika, kwa hiyo nyonga inavutwa nyuma na kiuno kinajikunja kama upinde. Akivuta vidole kwa nguvu, kinachokubali kunyooka si miguu, ni mgongo, tena pale pale panapouma. Tiba ni hii: kunja blanketi mpaka lifike unene wa sentimita 10 hivi, kaa ukingoni mwake, pitisha mkanda kwenye nyayo, legeza magoti kidogo, halafu inama kuanzia nyonga huku kifua kikienda mbele. Jipapase kiunoni. Vifundo vya uti wa mgongo vikitokeza kama shanga, umeshapitiliza. Rudi juu kidogo au ongeza blanketi. Kanuni ni hiyo hiyo ukiwa kwenye mbwa anayeinama, ule mkao wa viganja na nyayo chini, makalio juu: kunja magoti, mgongo unyooke, visigino visikusumbue hata visipogusa chini.

Nyumbani, khanga iliyosokotwa inatosha kuwa mkanda. Mkeka wa ukindu kwenye vigae unateleza, usiutumie kwa mikao ya kusimama. Nunua wa mpira wa milimita 4 hadi 6. Ile minene ya sponji ni mizuri kwa kulalia, lakini viganja vinazama na ukisimama mguu mmoja unayumba.

Ashtanga ina mpangilio usiobadilika: salamu ya jua (mfululizo wa kuinama na kuinuka wa kupasha mwili moto), mikao ya kusimama, ya kukaa, ya kumalizia, na mikao mingi inakaliwa pumzi tano. Mfululizo wa kwanza umejaa kuinama mbele, na hapo ndipo ninapokuzuia kwa sasa. Ukija kuipenda, ingia darasa la mtindo wa Mysore, ambapo kila mtu anakwenda kwa pumzi yake na mwalimu anakuongezea mkao mmoja mmoja, badala ya lile la kuhesabiwa wote pamoja.

Vinyasa imechukua mwendo wa ashtanga wa kutoka mkao hadi mkao kwa kufuata pumzi, lakini mpangilio anautunga mwalimu. Kinachoumiza wageni ni chaturanga, ile pushapu ya kushuka nusu. Mtu akichoka viwiko vinapanuka nje, mabega yanashuka chini ya viwiko, na uzito wote unaning'inia mbele ya bega. Darasa moja linakushusha hivyo mara nyingi sana, na siku hiyo husikii kitu. Baada ya wiki kadhaa ndipo bega linaanza kuuma ukinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati. Weka magoti chini, sogeza kifua mbele kidogo, kunja viwiko vikigusa mbavu, na usimame mabega yakilingana na viwiko. Usishuke zaidi ya hapo.

Yin ni kukaa kwenye mkao dakika tatu mpaka tano, misuli imelegea. Inafaa jioni mara moja kwa wiki, lakini haijengi nguvu, na kiuno chako kinahitaji nguvu kuliko kunyooshwa. Ukisikia ganzi au mchomo unaoteremka mguuni, toka kwenye mkao taratibu. Hiyo ni neva, si misuli. Na kama ganzi hiyo unayo hata ukiwa umekaa tu, muone daktari kabla ya darasa lolote. Yoga ya joto ya Bikram, mikao 26 kwenye chumba cha nyuzi 40 hivi, iache: joto linakufanya ujione umelegea kuliko ulivyo. Mwenye presha au mjamzito asiiguse kabisa.

Wapo wanaojali suala la dini, na ni haki yao. Ashtanga na Iyengar mara nyingi hufunguliwa kwa wimbo wa Kisanskriti, kundalini, mtindo mwingine wa yoga, ina mantra nyingi (maneno ya kurudiarudia), Bikram haina. Muulize mwalimu mapema. Wengi hawana shida ukikaa kimya.

Nenda mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, usile mlo mzito masaa mawili au matatu kabla, na siku ya kwanza mwambie mwalimu kuhusu kiuno kabla hajaanza. Baada ya hapo jipime: kaa kwenye pushapu ya juu, mikono imenyooka, sekunde 30 bila kiuno kubonyea, kisha shuka chaturanga tano za magoti polepole bila viwiko kupanuka. Ukiweza, na asubuhi yake kiuno kikaamka salama, vinyasa ya wanaoanza itakufaa.