Ganzi ya chuchu baada ya kupunguza matiti: maswali ya kabla, tahadhari za baada

Mwanamke anayefikia uamuzi wa kupunguza matiti huwa ameshachoka. Mabega yamechimbwa na kamba za sidiria, shingo na mgongo vinauma, na chini ya titi vipele vya jasho haviishi. Kwa hiyo anapokaa mbele ya daktari, maswali yake ni matatu: nitabaki na ukubwa gani, makovu yataonekana vipi, na bei. Suala la hisia limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, mstari mmoja tu, na linatiwa sahihi pamoja na mengine. Mstari huo unastahili mazungumzo yake peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari hupangwa siku daktari anapochora mistari ya kalamu kifuani.

Ngozi ya titi hupata hisia kutoka kwa neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazopita kati ya mbavu na kutokeza pande mbili: ubavuni chini ya kwapa, na katikati ya kifua karibu na mfupa wa kidari. Chuchu na duara lake jeusi hutegemea zaidi neva ya nne ya upande wa ubavuni, ikisaidiwa na ya tatu na ya tano, pamoja na matawi yanayotoka upande wa kidari. Njia ya hiyo neva ya nne ndiyo kiini cha habari yote. Tawi lake muhimu hutambaa chini kabisa, juu ya utando unaofunika msuli wa kifua, kisha likifika katikati ya titi hupanda wima na kuifikia chuchu kwa nyuma. Daktari akikwangua nyama ya upande wa nje mpaka msuli ubaki mtupu, ameikata. Akiacha tabaka jembamba la nyama juu ya msuli, ina nafasi ya kupona.

Katika upasuaji wa kawaida chuchu haiondolewi. Hubaki imeshikwa na kipande cha nyama chenye damu na neva, tukiite shina, halafu nyama ya pembeni hutolewa na chuchu hupandishwa juu ikiwa bado kwenye shina lake. Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: shina langu litatoka upande gani, na litakuwa nene kiasi gani?

Shina la chini huacha kitako cha titi kikiwa kimeshikana na msuli, na neva ile inayopanda kwa nyuma huwa na nafasi nzuri. Shina la juu kwa ndani, ambalo Elizabeth Hall-Findlay wa Kanada alilieneza kuanzia 1999, hubeba matawi ya upande wa kidari, na likiachwa nene hutoa matokeo mazuri pia. Linalotia wasiwasi zaidi ni shina la juu lililopunguzwa unene ili likunjike kirahisi, hasa pale inapotolewa nyama nyingi, maana neva ya nyuma hukatwa pamoja na nyama ya chini. Lakini usimlazimishe daktari atumie njia uliyoisoma mtandaoni. Njia anayoifanya kila wiki ni salama kuliko njia nzuri zaidi anayoijaribu kwako kwa mara ya kwanza. Unachotaka kusikia ni sababu ya chaguo lake, na kwamba nyama ya juu ya msuli upande wa nje haitakwanguliwa.

Hali ni tofauti kabisa kwa wanaopandikizwa chuchu. Hapo chuchu hukatwa yote, hupunguzwa unene na kushonwa mahali papya kama kiraka cha ngozi. Max Thorek wa Chicago aliandika kuhusu njia hii mwaka 1922, na bado ina kazi yake: matiti marefu sana, ambapo kutoka kishimo cha chini ya koo hadi chuchu kunafikia sentimita 40 hivi, wakati umbali wa kawaida ni kama 21 hadi 23, au pale inapotolewa zaidi ya kilo moja kila upande kwa mtu mwenye kisukari au mvutaji. Shina refu mno linaweza kukosa damu na chuchu ikafa, ndipo daktari anachagua chuchu iishi bila hisia. Baada ya hapo kunaweza kurudi mguso hafifu, lakini hisia ya zamani hairudi, na maziwa hayatoki. Kwenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine ambalo huwa halitajwi: duara la chuchu linaweza kupoteza rangi kwa mabaka, na kulirudishia rangi ni kazi ya kuchora kwa wino baadaye. Uliza waziwazi, "Je, kuna uwezekano ukaamua kupandikiza nikiwa tayari nimelala nusukaputi?" Jibu likiwa ndiyo, toa kauli yako hapo hapo.

Wengine hufika chumba cha upasuaji tayari wana ganzi bila kujua. Titi zito huvuta neva kwa miaka, na ngozi iliyotanuka hisia zake hufifia. Kwa hao uzito ukiondoka hisia zinaweza hata kuongezeka. Ndiyo maana vipimo vya kabla ni muhimu, la sivyo utalaumu kisu kwa kitu kilichokuwepo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Nyofoa uzi wa pamba, chukua kijiko kilicholala kwenye maji baridi, na kijiti kisicho na ncha kali. Fumba macho, mtu unayemwamini aguse taratibu sehemu sita kila titi: juu, chini, upande wa ndani, upande wa nje, duara la chuchu, na chuchu yenyewe. Wewe unasema umehisi au hujahisi, na kama ni baridi au si baridi. Andika 0 kwa kutohisi kabisa, 1 kwa kuhisi kwa mbali, 2 kwa kawaida. Titi la kulia na la kushoto mbalimbali, na tarehe juu ya ukurasa. Rudia baada ya wiki 6, miezi 3, 6 na 12. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno "naona kama hakujakaa sawa". Usichukue kusimama kwa chuchu kuwa dalili ya hisia: misuli yake midogo inaweza kuitikia baridi na chuchu ikasimama huku mwenyewe hasikii chochote.

Kuhusu kujiandaa, sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na shina la chuchu linaishi kwa hiyo mishipa. Shisha si nafuu. Moshi wake una nikotini na hewa ya mkaa pia. Mwenye kisukari asubiri sukari itulie, kwani sukari iliyopanda huchelewesha kidonda na yenyewe huharibu neva.

Baada ya upasuaji, saa 72 za kwanza ni za kuangalia damu kuliko hisia. Chuchu inayogeuka zambarau au nyeusi zaidi ya ilivyokuwa, au inayopauka na kuwa baridi, na titi moja linalovimba ghafla na kukaza kuliko jenzake, hayo hayasubiri kliniki ya wiki ijayo. Piga simu usiku huo huo. Kumbuka kwamba titi lenye ganzi halilalamiki: kidonda kinaweza kuanza kuoza bila maumivu. Na kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la pande mbili, tazama ngozi inayong'aa na kukaza, nusa bandeji.

Ganzi ya wiki za mwanzo ni ya kawaida, hasa kati ya chuchu na kovu la chini, na pembeni mwa kovu la wima. Neva iliyovutwa bila kukatwa hurudi katika wiki au miezi michache. Iliyokatwa, kama itaota, huenda kama milimita moja kwa siku, na ndani ya kovu hata hiyo haiendi. Kwa hiyo mabadiliko makubwa hutokea ndani ya mwaka wa kwanza, na madogo yanaweza kuendelea hadi miezi 18 au 24. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuzoea.

Dalili ya neva kuamka mara nyingi ni kero: vichomi kama sindano, mshtuko wa umeme unaopita sekunde moja, muwasho usio na kipele. Kuna wanaopatwa na kinyume cha ganzi, hata kanga ikigusa chuchu inauma. Hao huzoesha ngozi, vidonda vikishafunga kabisa na daktari akiruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Anza na kitu laini, hariri au pamba, uipapase ngozi kwacho dakika 5 mara mbili hadi tatu kwa siku. Kikishakuwa hakisumbui, panda hadi kitambaa cha kawaida, kisha taulo. Ukiruka hatua utarudi mwanzo. Maumivu yakizuia usingizi, kuna dawa za neva kama gabapentini au amitriptilini, ambazo zinahitaji cheti na kipimo cha daktari. Vidonge vya vitamini B vinavyopendekezwa kila duka la dawa havitaotesha neva iliyokatwa kwa mtu asiyepungukiwa vitamini hiyo, na B6 ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi ya miguu na mikono.

Sasa hatari ambayo haimo kwenye fomu ya ridhaa: moto. Ngozi yenye ganzi huungua bila kukuonya. Maji ya nyuzi 60 huunguza ndani ya sekunde chache, na chupa ya maji moto iliyolazwa kifuani wakati wa kulala hufanya vivyo hivyo polepole. Barafu iliyowekwa moja kwa moja nayo huua ngozi. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, na simama mbali na mvuke unapofunua sufuria. Sidiria yenye waya iache kwa miezi ya mwanzo, kwani waya unaokwaruza mkunjo wa chini unaweza kutoboa ngozi mwenye nayo akagundua kwa damu kwenye nguo.

Na kuna kukandwa. Mama akijifungua miaka kadhaa baada ya upasuaji, bibi au shangazi atakuja na beseni la maji ya moto na kitambaa, na kwa desturi ya kwetu kumkatalia ni vigumu. Mweleze mapema, kabla ya siku, kwamba kifua hakikandwi, akande mgongo na kiuno. "Bibi, daktari amekataza kifuani, ngozi yangu haisikii moto" inatosha. Mume pia aelezwe mahali palipo na ganzi na panapouma, maana kimya cha mke hapo kinaweza kueleweka kama kuchoshwa naye.

Kwa anayetaka kunyonyesha, hisia si anasa. Mtoto anaponyonya, neva ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huachilia homoni inayosukuma maziwa yatoke na nyingine inayotengeneza zaidi. Neva ikinyamaza, maziwa yanaweza kuwepo na yasishuke vizuri, hata kama mirija haikukatwa. Mwambie mkunga kuhusu upasuaji tangu kliniki ya mimba. Mtoto awekwe titini ndani ya saa ya kwanza na anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, pande zote mbili, na baada ya kila mlo kamua kwa mkono dakika chache. Kuanzia siku ya tano hesabu nepi zenye mkojo, zisipungue 6 kwa siku. Apimwe uzito kila baada ya siku chache. Asipofikia uzito wa kuzaliwa katika wiki mbili hivi, aongezewe maziwa kwa kikombe kwa maelekezo ya mkunga, huku titi likiendelea.