Wadogo zangu mnaocheza besiboli sekondari huku Marekani, hesabuni masomo yenu mapema

Hii nawaandikia nyie vijana wa Kiswahili mliofika Marekani na familia zenu, mkaikuta besiboli shuleni, mkaipenda, na sasa mnalala mnaota chuo na ikiwezekana hata MLB, ligi kuu ya besiboli huku. Mimi nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, nikafika Louisville, Kentucky nina miaka 14, glavu sijawahi kushika ila maembe nimeangusha sana kwa mawe, basi mkono ulikuwepo, na kocha aliuona wiki ya kwanza tu akanivalisha vifaa vya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Nikacheza miaka minne sekondari, miwili chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili, halafu miwili chuo kikuu cha Divisheni II, yaani daraja la pili la michezo ya vyuo. Kwa hiyo haya nayoyasema nimeyapita kwa miguu yangu.

Kilichokaribia kunifungia mlango sio mkono wala mbio, ni masomo. Nakumbuka Oktoba ya mwaka wa mwisho, mshauri wa masomo kanigeuzia skrini yake anahesabu kwa ncha ya kalamu, Kiingereza kimoja, viwili, hesabu moja, akaenda akaenda akafika 12 akasimama. Nikamwambia endelea. Akasema zimeisha.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, wanataka masomo ya msingi 16 wadogo zangu. Kwa Divisheni I ni Kiingereza miaka minne na hesabu mitatu kuanzia Algebra I (Divisheni II ni Kiingereza mitatu na hesabu miwili), sayansi miwili, sayansi ya jamii miwili, halafu mengine ya kujazia. Na kwa Divisheni I, 10 kati ya hayo yawe yameisha kabla hujaanza mwaka wa nne, na wastani kwenye hayo hayo masomo usishuke chini ya 2.3 kati ya 4.0, Divisheni II ni 2.2. Sasa mimi madarasa yangu mawili ya Kiingereza cha wageni hayakuwemo kwenye orodha, na hesabu niliyowekwa nilivyofika ilikuwa chini ya Algebra I kwa hiyo nayo ikawa bure, mwaka mzima nimejitahidi napata A na hakuna mtu aliyeniambia kwamba hiyo A haihesabiwi. Niliumia sana siku ile. Kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa, iko kwenye tovuti ya NCAA Eligibility Center, ifungue mwenyewe ukiwa darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, usisubiri mtu, ukiona umewekwa darasa ambalo halimo nenda na mzazi wako uulize kwa adabu lini utahamishwa. Na kama sekondari ulianzia Kenya au Tanzania au kambini, ripoti zako anza kuzitafuta leo maana mjomba kufuatilia karatasi kwenye ofisi ya shule kule inaweza kula miezi.

Wazazi nao tuwaeleweshe hii ya skolashipu. Wakisikia neno hilo wanajua kila kitu kimelipwa, kumbe kwenye besiboli kwa miaka mingi timu ya Divisheni I ilikuwa na skolashipu 11.7 tu zinagawanywa kwa watu mpaka 27, yaani wengi wanapata robo robo. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja havina tena kikomo hicho ila kikosi kimewekwa watu 34, na kuruhusiwa kutoa hela sio kwamba hela ipo. Divisheni III hawatoi hata senti kwa ajili ya michezo lakini wanatoa kwa maksi na kwa hali ya kipato, unaona tunarudi kule kule kwenye masomo. Jazeni FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, mwenye grinkadi anaruhusiwa.

Kuhusu zile wikendi za kulipia ucheze mbele ya makocha, mama yangu alitoa dola 400, hela ya zamu za usiku, nikacheza siku mbili na hakuna kocha hata mmoja aliyenitafuta baadae, mpaka leo ile hela inaniuma. Kilichonisaidia ni video ya dakika mbili niliyorekodiwa na rafiki yangu kwa simu na imeili fupi yenye mwaka wa kumaliza shule, urefu, kilo, wastani wa masomo na namba zangu za uwanjani. Kwa mdakaji namba wanayoangalia ni sekunde kutoka mpira unapogonga glavu yako mpaka unafika besi ya pili pale mkimbiaji wa timu pinzani anapotaka kuiiba, yaani kuikimbilia bila kusubiri mpira upigwe. Wanapenda 2.0 kushuka chini. Mimi nilikuwa 2.15 na nikadhani dawa ni kurusha kwa nguvu zaidi, nikawa naharibu tu, mpira unapaa. Baba wa rafiki yangu ndo aliona kwamba mguu wa kulia nachelewa kuuingiza, tukafanya miguu tu kiangazi kizima bila hata mpira, nikatoka na 2.03.

Wanaorusha, heshimuni mkono. Mwongozo wa Pitch Smart, ule wa MLB wa kulinda mikono ya vijana, kwa miaka 17 na 18 ni mirusho 105 kwa siku, ukivuka 80 unapumzika siku nne, hata kocha akikubembeleza.

Na chuo cha jamii msikidharau. Albert Pujols alihamia Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana wa sekondari, akapita Maple Woods, chuo cha jamii pale Missouri, akachaguliwa raundi ya 13 mwaka 1999 timu za MLB zilipokuwa zinachagua vijana kwa zamu, akaja kumaliza na homurani 703, yaani mapigo yanayovusha mpira uzio. Siku hizi raundi ni 20 tu, mpaka 2019 zilikuwa 40, ila ukiwa chuo cha jamii unaweza kuchaguliwa kila mwaka wakati aliyeingia chuo cha miaka minne anasubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21.

Mimi barua yangu ya skolashipu ilikuja Mei. Mama hasomi Kiingereza, nikamtafsiria mstari kwa mstari mezani, ada, vitabu, bweni. Akauliza kitu kimoja tu, "Na chakula kimo?" Nikarudi juu nikatafuta. Kilikuwemo, akachukua kalamu akasaini.